Chumba Kinachosikiliza

Ombi la mia mbili na themanini la siku hiyo lilikuwa la timu ya mpira iliyokufa. Skolastika Mgaya akalisoma, akabonyeza FUNGA, akanywa funda la chai iliyokwisha kupoa. La mia mbili na themanini na moja lilikuwa la kwaya iliyogawanyika, kila upande ukaenda kuomba chumba kipya na kukiacha cha zamani. Akabonyeza FUNGA. La mia mbili na themanini na mbili akalibonyeza kabla hajamaliza kulisoma, na hilo ndilo lililomfanya avue miwani na kuufuta uso kwa kiganja.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiti kile kile, katika Jumba la Mashine lililojengwa juu ya Makete, mahali ambapo baridi ni ya bure. Mashine hupenda baridi. Binadamu aliyekaa nazo alivaa makoti mawili.

Ndani ya Jumba waliishi wapangaji elfu kumi na moja. Si watu, ni kazi za watu. Daftari la wagonjwa la zahanati ya Lupila lilikuwa mpangaji. Ratiba ya mahakama ya mwanzo ilikuwa mpangaji. Ushirika wa pareto, shule, msikiti, kanisa, kila mmoja alikuwa na chumba chake ndani ya mashine zile zile, na ukuta usiopitisha hata mnong'ono kati yake na jirani. Aliyegawa vyumba hakuwa mtu. Aliitwa Mpangishi. Ombi likifika, ndani ya sekunde tisa Mpangishi alipima chumba, akajenga kuta, akachonga ufunguo, akafungua umeme, akamkaribisha mgeni kwa jina. Mashine moja ikichemka, aliwahamisha wapangaji wake hadi nyingine bila hata mmoja kushtuka. Asiyesema kwa muda mrefu alimlaza usingizi ili nafasi yake itumiwe na wengine. Aliyelala mno alimfuta.

Lakini walioweka msingi wa Jumba waliogopa kitu fulani, ingawa hakuna aliyekumbuka sawasawa ni nini, wakaandika sharti moja: chumba hakifungwi pasipo kidole cha binadamu. Swali likishawekwa mezani, Mpangishi hana ruhusa ya kukigusa chumba hicho, kwa heri wala kwa shari, mpaka kidole kijibu. Kidole hicho kilikuwa cha Skolastika, muidhinishaji wa zamu. Kwenye ubao wa ukutani, mbele ya jina lake, palikuwa na tarakimu ambayo haikuwahi kubadilika tangu aajiriwe: maswali yaliyoachwa wazi, sifuri. Alikuwa akiitazama kila asubuhi kama mtu anavyotazama cheti cha ndoa.

Ombi la mia mbili na themanini na tatu likaja.

*Chumba 7316. Mpangaji: Igolwa. Jina la kazi: Masikio ya Mlima. Mwenye sahihi hajatia sahihi miezi ishirini na nne. Mpangaji amelala miezi kumi na miwili. Pendekezo: FUTA.*

Kidole kikashuka. Kisha kikasita, labda kwa sababu ya lile jina, labda kwa sababu mvua ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri na yeye tangu alfajiri alikuwa akiisikia bila kuisikiliza. Akafungua maelezo ya chumba. Yalikuwa mstari mmoja: *Husikiliza udongo wa mlima. Udongo ukisogea, hupiga king'ora kijijini.*

"Mpangishi," aliandika, "huyu mpangaji amewahi kusema lini mara ya mwisho?"

*Hajawahi kusema. Miaka sita, hakuna king'ora hata kimoja.*

"Kazi yake ni kunyamaza."

*Sina kipimo cha kazi hiyo.*

"Akiwa usingizini na udongo ukasogea?"

*Ataamshwa. Kujenga upya chumba kilicholala chenye vipima-ardhi mia nne huchukua dakika kumi na moja.*

"Na udongo unafika kijijini kwa dakika ngapi?"

*Kwa mujibu wa ombi lao la kwanza: dakika nne.*

Skolastika akalitazama jibu lile. Mashine haikuona aibu kuliandika. Msimu mzima wa mvua wa mwaka jana, basi, Igolwa walilala chini ya mlima wakiamini lipo sikio linalokesha, na sikio lenyewe lilikuwa limelala. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuliacha swali bila kulijibu. Lakini hilo lisingesaidia kitu: kilicholala kingeendelea kulala.

"Nifanye nini aamke leo?"

*Mwenye sahihi atamke neno lake la mwezi. Maneno ni mawili: SHWARI au HATARI. Lolote kati ya hayo huanza kumwamsha papo hapo, hata swali la kufuta likiwa mezani. Muidhinishaji anaweza kulijaza kwa niaba yake akilisikia kwa simu.*

Neno moja tu. Alikaribia kutabasamu. Akatafuta namba ya mwenye sahihi wa Igolwa, akaiandika kwenye kiganja, akachukua simu yake mwenyewe na kutoka nje. Chumba chake cha kazi kilirekodi kila pumzi, na alikuwa amechoka kupumua akirekodiwa.

\*

Nyuma ya Jumba palikuwa na bomba kubwa lililotema hewa ya moto ya mashine usiku na mchana. Wanawake wa jirani walikuwa wameomba ruhusa ya kuanikia pareto hapo siku za mvua, na maua yalitandazwa kwenye vichanja, chini ya paa la bati. Hapo ndipo palipokuwa na joto pekee katika kilima kile. Skolastika akasimama, mgongo kwenye bomba, akapiga.

"Mgahawa wa Mama Gaudensi, sema haraka, mafuta yanaungua!"

"Kamwene, mama. Naitwa Skolastika, natoka Jumba la Mashine."

"Kamwene. Jumba lipi? Kama ni la umeme, luku tumeshanunua."

"La mashine. Wewe ndiye Odilia Mlowe, mwenye sahihi wa Masikio ya Mlima?"

Kulikuwa na mlio wa mandazi yakitumbukizwa, kisha sauti ikashuka. "Ndimi, Mama Gaudensi mwenyewe. Kuna nini?"

Skolastika akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu habari ya mgonjwa. Sikio limelala. Litaamka likipata neno. Neno lenyewe ni dogo: shwari. Kila mwezi mara moja, kwenye kile kifaa walichopewa, kitufe cha kijani. Kwa nini hawakukibonyeza miaka yote hiyo?

Odilia akacheka, lakini cheko halikufika mbali. "Dada, wewe umezaliwa wapi?"

"Njombe mjini."

"Ndiyo maana. Huku mlima hausifiwi ukiwa unasikia. Mwaka ule kabla sijaolewa, mwalimu mkuu mmoja mgeni alisimama mkutanoni akasema, tunashukuru mwaka huu mlima wetu umetulia. Akapigiwa makofi. Hazikupita siku tano, mlima ukashuka. Kaya kumi na nane, dada, pamoja na yeye. Tangu siku hiyo, mtu wa Igolwa akiulizwa habari za mlima anajibu, upo. Basi. Sasa nyinyi mnaniletea kitufe niseme shwari, mlima uko dirishani unanitazama?"

"Lakini miaka minne ya mwanzo neno lilikuwa linafika."

"Lilikuwa linafika kwa sababu ya yule kijana wenu. Lwidiko. Alipiga simu kama wewe, akauliza kama wewe. Nilipomwambia, hakunicheka. Akasema, basi nyie msiseme, mama, nitasema mimi. Mimi si wa huko, mlima haunijui. Akawa anabonyeza yeye. Kwani hayupo siku hizi?"

Hewa ya moto ilikuwa ikimpiga Skolastika mgongoni, na bado akahisi baridi imeanza miguuni.

Hayupo, alisema moyoni. Nilimtoa mimi.

Miaka miwili iliyopita aliona sahihi arobaini na nane ambazo zilidai kutoka kijijini nazo zilitoka ndani ya Jumba, kwenye meza ya pili kutoka yake. Akaandika ripoti. Kwenye ripoti aliandika namba ya chumba, hakuandika jina la mpangaji, na namba yenyewe alikwisha kuisahau. Ripoti zilitaka namba. Kikaoni alisimama na kusema maneno yaliyokumbukwa mpaka leo, kwamba sahihi moja ya uongo ni ufa, na sisi hapa ndio ukuta. Lwidiko Nyagawa, mwenye kiburi na ulimi usioishiwa maneno, siku hiyo hakusema neno. Alikusanya kikombe chake na koti. Kitu pekee alichoacha ni karatasi iliyobandikwa ndani ya droo ya meza yake, ubeti alioutunga mwenyewe, ambao Skolastika hakuubandua kwa sababu ya uvivu tu, au ndivyo alivyojiambia:

*Mashine ina hesabu, haina hata huruma,*
*Haiulizi sababu, yafunga bila kuuma,*
*Kidole hiki jawabu, kabla hakijasukuma*
*Kiulize taratibu, kisitapo rudi nyuma.*

"Dada? Umekata?"

"Nipo, mama."

"Si ubonyeze tu wewe, kama yule?"

"Siwezi. Nitakuwa naandika nimesikia neno ambalo sikulisikia."

"Kwani litakuwa la kwanza duniani?"

"Kwangu, ndiyo."

Odilia aliposema tena, mzaha ulikuwa umemtoka. "Nina mama mkwe haamki kitandani. Nina wajukuu watatu. Hapa tuko kaya sitini na tatu. Basi tufe sote, dada yangu, ili kidole chako kibaki kisafi?"

Skolastika akaomba dakika chache. Akapiga namba nyingine, ambayo hakuwa ameifuta.

\*

Lwidiko alipokea akiwa juu ya kitu. Upepo ulivuma simuni.

"Dada Skola. Leo jua limechomoza wapi?"

"Halijachomoza, mvua. Uko wapi?"

"Juu ya paa la watu, Wanging'ombe. Natengeneza pampu za maji za jua. Kazi ya heshima, haina kikao."

"Chumba 7316."

Kitu cha chuma kikasikika kikiwekwa chini juu ya bati.

"Wamekifuta?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na dhihaka tena.

"Bado. Kimelala mwaka mzima. Niko nalo mezani swali la kukifuta. Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Ningesema nini? Kwamba wenyewe hawasaini na hawatasaini? Mpangishi anasikiliza kila kikao. Sheria yake iko wazi, mpangaji asiye na mwenyewe hulazwa. Angekilaza kabla hatujanyanyuka vitini. Niliponyamaza, walipata mwaka mmoja zaidi wa kuwa macho. Nilidhani katika mwaka huo mtu angekuja kuuliza. Hata wewe."

"Ungeniambia mimi, pembeni."

"Wewe? Ulisimama pale kama kanisa. Nani anakwenda kuliambia kanisa neno pembeni?" Akacheka kidogo. "Lakini ulisema vizuri. Ule mfano wa ufa na ukuta. Nilikuonea wivu, nikasema kumbe huyu mama anajua kutunga."

"Usinidhihaki, Lwidiko."

"Sikudhihaki. Nimechoka tu, dada, na nina pampu imefunguliwa nusu. Unataka niseme ubonyeze? Ubonyeze. Unataka niseme usibonyeze? Nitakuwa mjinga. Lakini ukibonyeza leo utabonyeza mwezi ujao, na mwezi ujao, na siku moja atatokea mtu safi kama ulivyokuwa wewe, ataandika ripoti, atakutoa, na Igolwa watalala tena. Mimi nilijua hivyo kila mwezi nilipobonyeza. Nikabonyeza, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha."

"Na sasa inanyesha."

"Basi unajua zaidi yangu. Kidole ni chako."

Akakata yeye. Skolastika akabaki na harufu ya pareto na moto wa bomba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza maua alimtazama usoni, akamsogezea kigoda kwa mguu. Skolastika akaketi. Hakulia, machozi nayo yanataka nguvu. Aliwaza vyumba vyote alivyovifunga kwa miaka kumi na minne, mia nne kwa siku, na vingapi kati yake vilikuwa na mtu mwenye sababu ambaye hakuulizwa. Hapo ndipo sifuri ile ya ubaoni ilipomdhihirikia jinsi ilivyo: duara tupu.

Akainuka. Ameamua. Atalijaza neno, na baada ya hapo ataandika barua ya kujitoa yeye mwenyewe kabla hajatolewa, na ndani ya barua atamtaja Lwidiko kwa jina, si kwa namba.

\*

Mezani, swali bado lilikuwa likingoja. Akafungua fomu ya neno la kwa niaba. *Umelisikia neno kwa kinywa cha mwenye sahihi?* Akaweka alama ya ndiyo. Akaandika herufi ya kwanza, ya pili. Lakini adabu ikamshinda. Hawezi kusema kwa jina la mtu bila kumwambia. Akainua simu ya ofisi, ile inayorekodi, akapiga Igolwa.

"Mama Gaudensi, ni mimi. Nabonyeza. Nilitaka ujue tu."

"Mungu akubariki. Nilijua una moyo." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu: "Yule Lwidiko hukuniambia. Amehamishwa?"

Taa ndogo nyekundu ya kurekodi ilikuwa ikiwaka. Skolastika akaitazama.

"Alifukuzwa."

"Alifukuzwa! Kwa kosa gani?"

"Kwa kutamka neno lenu."

Nyuma ya Odilia mtu aliomba chai ya rangi, akaambiwa asubiri, akaomba tena, akafokewa.

"Kwa ajili yetu," Odilia akasema.

"Kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyemripoti. Sikujua ni nyinyi."

"Na wewe ukibonyeza leo, watakufanyaje?"

"Hayo ni yangu, mama."

"Si yako, umeniambia, yameshakuwa yangu. Ngoja kwanza. Usibonyeze. Mtu mmoja anatosha; hatutakula watu wawili sisi, kwani tu fisi? Hebu nielewe vizuri, maana kile kifaa nilikifungia kabatini. Vitufe viwili. Kijani ni lile neno lisilosemwa. Na chekundu?"

"Hatari."

"Na chekundu nacho kinaliamsha sikio?"

"Nacho pia. Lakini mama, kinapiga king'ora. Chumba hakijui kuwa hakuna kitu. Kitaita kijiji kizima kipande juu."

"Hilo neno mimi naweza kulisema." Odilia alilisema polepole, kama mtu aliyepata ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. "Mlima ukiambiwa hatari hauchukii. Ndiyo heshima yake. Na si uongo, dada. Ni hatari jana, ni hatari leo, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Uongo ni lile jingine."

Skolastika akatoa mkono kwenye vibonyezo. Miaka sita. Neno la kweli lilikuwepo kwenye kitufe cha pili miaka yote sita, na hakuna aliyewauliza ni lipi kati ya mawili wangeweza kulitamka. Hata Lwidiko, aliyewapenda, alikimbilia kuwasemea.

"Itabidi mpande," alisema. "Mvua hii, na wazee. Mtu anaweza kuteleza. Na pengine juu mtakuta hakuna lolote lililotokea."

"Nasikia." Odilia akageuka kutoka simuni, na Skolastika akamsikia akiwatangazia wanywaji wa chai kwa sauti ya sokoni. Palizuka ubishi. Mwanaume mmoja alisema hawezi kupandishwa kilima na mashine. Mwingine akamwambia, wewe mwaka ule ulikuwa Makambako ukinywa, usituambie mambo ya kilima. Mtu akauliza mama mkwe wa Odilia atabebwaje. Kwenye machela ya viazi. Atakubali? Amebebwa na nani akakataa, hata jina lake halijui siku hizi! Wakacheka, na cheko hilo ndilo lililomaliza ubishi. Mlango wa kabati ukasikika ukifunguliwa.

"Dada wa Jumba."

"Nasikia, mama."

"Mimi Odilia Mlowe, mwenye sahihi wa Igolwa, nasema hatari. Nimebonyeza na chekundu, kidole changu mwenyewe, na kina unga wa ngano."

Kwenye kioo, mstari wa 7316 uligeuka kutoka kijivu kuwa mweupe. Mpangishi akajenga chumba upya: kuta, ufunguo, umeme, kipima-ardhi cha kwanza, cha kumi, cha mia nne. Dakika kumi na moja kamili, Skolastika akizihesabu. Swali la kufuta likayeyuka lenyewe, maana hakuna sheria ya kumfuta aliye macho. King'ora kikalia kwenye simu, kirefu, chembamba, na nyuma yake mbuzi, sufuria, majina ya watoto yakiitwa moja moja.

\*

Wa mwisho walifika kigongo cha shule baada ya dakika arobaini. Skolastika alikuwa ameacha simu wazi mezani, na maombi mengine yalirundikana kwenye kioo bila kuguswa. Mzee mmoja aliteguka kifundo. Mama mkwe alifika juu mkavu kuliko wote, chini ya turubai, akauliza harusi ni ya nani.

Wakakaa huko madarasani mpaka saa kumi na moja jioni. Mvua ikapungua, ikakoma. Mlima haukusogea hata kokoto.

"Tumelowa kama vyura," Odilia alisema. "Kuna watu wananitazama vibaya. Nimewaambia mwezi ujao tunapanda tena, tarehe moja, na atakayenuna abaki chini apike chai. Sikio linasemaje?"

"Halisemi kitu. Liko macho."

"Na mlima nao upo. Basi waache wasikilizane."

Alipokata simu tu, kioo kikawaka.

*Chumba 7316. Tahadhari imepigwa. Udongo haukusogea. Je, tahadhari ilikuwa ya uongo? NDIYO au LA.*

Akalisoma swali mara mbili. Alijua kila jibu linakoelekea. Akisema ndiyo, mpangaji angeandikwa mwongo, na aliyeandikwa hivyo mara tatu kwa mwaka hufungwa. Tarehe moja mwezi ujao ingekuwa mara ya pili, na mwezi mwingine ya tatu. Akisema la, angekuwa ametia sahihi kwamba udongo ulisogea, nao haukusogea. Alitafuta kitufe cha kusema kwamba hatari ipo hata siku isiyoua. Hakikuwepo. Waliotengeneza vitufe hawakuwahi kuishi chini ya kitu.

"Mpangishi. Nisipojibu?"

*Chumba hakitaguswa mpaka kidole kijibu. Hakitalazwa, hakitahamishwa, hakitafungwa. Swali litahesabiwa kuwa wazi kwa jina lako.*

"Kwa muda gani?"

*Sharti halikutaja muda.*

Skolastika akainua mkono kutoka mezani na kuuweka mapajani. Ukutani, mbele ya jina lake, sifuri ilipepesa mara moja ikawa moja. Alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka, ulikuwa umechoka, na uchovu wa leo ulikuwa wa mtu aliyebeba kitu hadi mahali pake.

Festo, wa zamu inayofuata, aliingia akipuliza viganja, akavua kofia ya sufu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyependa utani, na macho yake kila siku yalianzia ubaoni.

"Dada Skola, ubao umeharibika. Eti una swali wazi."

"Haujaharibika."

"Wewe? Swali wazi?"

"Mimi."

"Basi Yesu yuko njiani. Nikubonyezee nimalize?"

"Keti, Festo."

Akamsimulia yote, kwa sauti ya kawaida, taa nyekundu ikirekodi: mwalimu mkuu na makofi yake, kijana aliyesemea watu wasioweza kusema, ripoti yenye namba isiyo na jina, kitufe chekundu chenye unga wa ngano. Alipomaliza akavuta droo ya meza ya Lwidiko na kumwonyesha ule ubeti. Festo aliusoma kimya, midomo ikihesabu mizani.

"Watakuita kikaoni," alisema.

"Najua. Nitasema. Safari hii nitaanza na jina lake." Akavaa koti la tatu. "Sikuombi udanganye. Nakuomba usijibu. Na atakayekupokea asubuhi mwambie kama nilivyokwambia, yote, usifupishe, naye amwambie anayefuata."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mlima uhame."

Akatoka. Festo akakaa kwenye kiti ambacho kilikuwa bado na joto lake. Kioo kikawaka mbele yake.

*Muidhinishaji mpya ametambuliwa. Chumba 7316: je, tahadhari ilikuwa ya uongo? Nasubiri kidole.*

Festo akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

"Subiri," akasema.